Usione Haya kwa Mkojo wa Mgonjwa

Mtu wa Lokandu akishikwa na homa, neno la kwanza tunalosema ni malaria. Mara nyingi tunasema kweli, na damu yapasa kupimwa upesi. Lakini iko homa nyingine, jina lake dengi. Nayo huletwa na mbu, ila mbu huyu huuma mchana, na huzaa katika maji ya mitungi, bidoni na makopo. Mgonjwa huumwa kichwa, nyuma ya macho na katika viungo. Mwaka 1870 daktari James Christie aliwakuta watu wa Unguja wakiita homa ya kuumiza viungo kidinga pepo. Mwaka 2014, na tena 2019, dengi iliwashika watu wengi wa Dar es Salaam.

Nataka kusema neno juu ya mkojo. Wengi huona haya kuutaja. Mgonjwa akiambiwa alete kidogo katika kichupa, hukasirika: "Nimekuja kwa homa, mkojo wa nini?" Mimi nasema hasira hiyo haifai. Dengi kali huifanya mishipa ivuje. Maji ya damu hutoka nje ya mishipa, damu huwa nzito, figo hupata damu haba, na mkojo hupungua. Protini nayo yaweza kupita katika mkojo. Wataalamu wanapima katika mkojo vitu ambavyo mwili hutoa unapowaka kwa ugonjwa, wapate kujua mapema nani atazidiwa. Kazi hiyo haijawa bado kipimo cha kila hospitali. Lakini wewe, mama au ndugu wa mgonjwa, unaweza kuangalia jambo moja bila mashine: je, amekojoa? Akipitisha saa sita bila mkojo, mlete, hata ikiwa usiku.

Tena sikiliza sana. Hatari ya dengi huja mara nyingi kati ya siku ya tatu na ya saba, homa inapopoa. Hapo ndipo jamaa husema, "Amepona, tupande mtumbwi turudi, shamba linangoja." Najua shamba lina haki yake, na nauli ni ngumu kupatikana. Hata hivyo siku mbili za kungoja ni bei ndogo kuliko kaburi. Tazama dalili hizi: tumbo kuuma sana, kutapika mfululizo, damu katika ufizi au puani, kuhangaika au kulegea. Ukiona hata moja, usingoje asubuhi.

Dawa ya kuua dengi haipo. Mpe maji yaliyochemshwa na uji, kidogo kidogo, mara nyingi. Kwa homa mpe parasetamoli kwa kipimo cha mwuguzi. Usimpe aspirini wala ibuprofeni, kwa maana zaweza kuzidisha kutoka damu. Funika mitungi yako, na mwaga maji ya makopo kila juma.

Na mwuguzi akikuuliza habari ya mkojo, mjibu wazi. Anauliza kwa ajili ya uzima wa mtu wako.