Sayansi ya Kompyuta au Teknolojia ya Habari: tusiwachagulie vijana kwa jina

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, simu zetu sisi tulio ughaibuni haziachi kulia. Wako wanaotaka ada, wako wanaotaka kompyuta ya mkononi, na wengi siku hizi wanataka ushauri: "Mjomba, nichukue Sayansi ya Kompyuta au Teknolojia ya Habari?" Kwa kuwa tunaishi London, Muscat au Minneapolis, tunadhaniwa tunajua kila kitu. Na wako miongoni mwetu wanaojibu haraka haraka: "Chukua yoyote, yote ni kompyuta."

Hatukubaliani na jibu hilo. Masomo haya mawili ni ndugu, lakini si pacha. Anayekosea kuchagua hulipa kwa miaka mitatu au minne ya ujana wake, na fedha inayopotea ni ile ya ndugu anayeamka saa kumi alfajiri kwenda kusafisha ofisi za watu.

Sayansi ya Kompyuta ni elimu ya namna kompyuta inavyofikiri na namna ya kuitungia kazi mpya. Mwanafunzi wake husoma hisabati nyingi, mantiki, takwimu, jinsi programu zinavyojengwa tangu mwanzo, na kwa nini njia moja ya kutatua tatizo huchukua sekunde moja na nyingine huchukua siku nzima. Teknolojia ya Habari ni elimu ya kuichukua mitambo na programu zilizokwisha kuundwa na kuzifanya zitumikie benki, hospitali, bandari au wizara: kuunganisha mitandao, kutunza seva na kumbukumbu, kulinda mfumo dhidi ya wezi, na kuwasaidia wafanyakazi wanaoutumia. Hata umri wao haulingani. Chuo Kikuu cha Purdue huko Marekani kilifungua idara ya Sayansi ya Kompyuta mwaka 1962, na chama cha wataalamu wa kompyuta, ACM, kilitoa mwongozo wa mtaala wake mwaka 1968. Mwongozo wa ACM wa shahada ya Teknolojia ya Habari ulitoka mwaka 2008, miaka 40 baadaye.

Mfano wa karibu tunao mifukoni mwetu. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na ikaingia Tanzania mwaka 2008. Programu yake ya mwanzo haikuandikwa Nairobi wala Dar es Salaam. Iliandikwa na kampuni ya Sagentia ya Cambridge, Uingereza. Seva zilizobeba fedha za Wakenya zilikaa Ujerumani hadi mwaka 2015 zilipohamishiwa Kenya. Hapo utaona kazi mbili. Kuutunga mfumo kama ule ni kazi ya mtu wa Sayansi ya Kompyuta. Kuuendesha usiku na mchana, usizime mwisho wa mwezi watu wanapolipwa mishahara, ni kazi ya mtu wa Teknolojia ya Habari. Kwa miaka kadhaa kazi zote mbili, kwa sehemu kubwa, zilikuwa mbali na nyumbani. Kwa hiyo tunawahitaji vijana wa pande zote mbili, na anayesema Teknolojia ya Habari ni ya walioshindwa anawakosea heshima watu wanaoziwezesha benki zetu kufungua milango kila asubuhi.

Hata hivyo, ipo tofauti moja ambayo lazima isemwe wazi, nayo ni hisabati. Aliyesoma Sayansi ya Kompyuta akitaka kuhamia kwenye mitandao, anaweza kujifunza na kufanya mtihani wa cheti kama kile cha Cisco katika muda wa miezi. Aliyesoma Teknolojia ya Habari yenye hisabati kidogo, akitaka baadaye shahada ya pili katika akili bandia, hukuta mlango mzito. Huku Uingereza watoto wetu hukutana na jambo hilo mapema: Cambridge haimpokei mwanafunzi wa Sayansi ya Kompyuta asiye na hisabati ya A-level au inayolingana nayo.

Msimamo wetu basi ni huu. Kijana anayeipenda hisabati, au walau haimtishi, na bado hajajua anataka kazi gani, achukue Sayansi ya Kompyuta, kwa sababu kutoka huko njia ni nyingi. Kijana ambaye furaha yake ni kufungua mtambo ulioharibika na kuuona unafanya kazi tena, na hisabati kwake ni adhabu, achukue Teknolojia ya Habari na aishike kwa mikono miwili. Asiburutwe kwenye Sayansi ya Kompyuta ili mjomba wake apate la kusema harusini.

Kabla ya kutuma hata shilingi, tuombe orodha ya masomo ya mwaka wa kwanza hadi wa mwisho. Jina la shahada hudanganya. Viko vyuo ambavyo Teknolojia ya Habari yao ina programu na hisabati ya kutosha, na viko ambavyo Sayansi ya Kompyuta yao ni jina tu. Tuulize maabara ina kompyuta ngapi na wanafunzi wangapi, na mafunzo kazini hufanyika wapi. Kwa Tanzania tuangalie mwongozo wa TCU unaotolewa kila mwaka, tujue kama programu hiyo inatambuliwa na inataka alama gani. Kwa Kenya tuulize CUE kuhusu chuo, na KUCCPS kuhusu nafasi.

Wako wanaosema haya yote yamepitwa na wakati, kwa kuwa tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022 mashine zinaandika programu zenyewe. Ni kweli zinaandika, tena kwa kasi. Lakini zinakosea pia, na anayeweza kuligundua kosa ni yule anayeujua msingi. Atakayeteseka ni mwenye cheti kisicho na elimu ndani yake, awe wa shahada hii au ile.

Mwisho, tuwaulize vijana wenyewe. Kabla ya kumpa mpwa wako jibu, muulize somo gani lilimfurahisha shuleni, na anafanya nini na kompyuta pale hakuna anayemtuma. Ada ni yetu, lakini atakayekaa mbele ya kompyuta hiyo miaka 30 ijayo ni yeye.