Kesi kwa video: barabara inafupika, lakini nani ameketi kando ya shahidi?

Huku kwetu Mashariki, mtu mwenye kesi haanzi na hesabu ya sheria. Anaanza na hesabu ya barabara. Moto itaomba makuta ngapi? Kuna barieri ngapi njiani? Kama odiansi imesogezwa, nitalala wapi? Watoto nitawaacha na nani? Wengi wakimaliza hesabu hiyo wanaiacha dosie, wanamwachia Mungu.

Ndiyo maana kuna swali liko linarudi kila mara tunapoongea juu ya haki. Kama ninaweza kuongea na ndugu yangu wa Kampala ama wa Montréal kwa video, tunaonana uso kwa uso, kwa nini jaji hawezi kunisikiliza vile vile? Kwa nini dosie yangu haiwezi kutumwa kwa intaneti, paka izunguke mikononi mwa watu hadi ipotee?

Swali ni la haki kabisa, na jibu fupi ni kwamba inawezekana. Tena imeshafanywa, hata kwa vita vya hapa kwetu. Lakini kesi zilizopita zinatuonyesha kwamba video inaweza kumsogeza mtu karibu na jaji, na inaweza pia kumficha. Inategemea namna inavyopangwa upande ule wa pili wa simu.

Sheria inasema miezi mitatu

Tuanze na sheria yenyewe. Sheria namba 06/019 ya tarehe 20 mwezi wa saba 2006, ile iliyoongeza nguvu juu ya kesi za ubakaji, iliweka muda. Uchunguzi wa parke usipite mwezi mmoja, na tribinali itoe hukumu ndani ya miezi mitatu tangu ilipopewa kesi. Sheria hiyo hiyo inaomba mwathirika alindwe usalama wake na heshima yake.

Sasa tuangalie barabara. Ubakaji mkubwa wa Walikale ulifanyika kati ya mwisho wa mwezi wa saba na mwanzo wa mwezi wa nane 2010. Kesi ya Ntabo Ntaberi Sheka ilifunguliwa Goma mwezi wa kumi na moja 2018, na hukumu ya kifungo cha maisha ikatoka tarehe 23 mwezi wa kumi na moja 2020. Hiyo ni miaka kumi. Ni kweli Sheka alikuwa porini miaka mingi kabla ya kujitoa mwaka 2017. Lakini hata kiisha hapo, makosa yalifanyika Walikale na majaji walikuwa Goma.

Mambo yakazidi kuwa magumu. Tarehe 6 mwezi wa tano 2021 utawala wa kijeshi ulianza Ituri na Kivu ya Kaskazini, na kesi za jinai za raia zikapelekwa kwa tribinali za kijeshi. Tribinali hizo zilikuwa chache, na dosie zikajaa. Halafu mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, AFC/M23 ikachukua Goma, na katikati ya mwezi wa pili ikachukua Bukavu. Tribinali za serikali katika miji hiyo hazikuendelea kama zamani. Wafungwa walitoroka Munzenze. Leo unaweza kukuta mlalamikaji yuko upande mmoja wa mstari wa vita, avoka wake upande mwingine, na ile dosie ya karatasi imebaki kwenye ofisi ambayo hakuna anayeweza kuingia.

Mtu akiwa katika hali kama hiyo, video si mambo ya starehe. Inaweza kuwa mlango pekee uliobaki.

Kesi zetu zimeshapita huko

Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu ya La Haye imeshahukumu watu wa vita vya Ituri. Thomas Lubanga alikutwa na hatia mwezi wa tatu 2012, Bosco Ntaganda mwezi wa saba 2019. Mwaka 2015 kulikuwa na wazo la kufungua kesi ya Ntaganda hapa Bunia, ili wenye kuumizwa waone kwa macho yao. Mwezi wa sita mwaka ule wazo likakataliwa, juu ya usalama na mambo mengine, na kesi ikafunguliwa kule Uholanzi.

Lakini mahakama ile iko na kanuni inayofaa tuijue. Ni kanuni ya 67. Inaruhusu shahidi kusikilizwa kwa video, lakini kwa masharti. Sharti moja ni kwamba mwendesha mashtaka, upande wa mshtakiwa na majaji wote waweze kumuuliza maswali palepale anapotoa ushuhuda. Sharti lingine ni juu ya mahali anapoketi: pawe mahali ambapo anaweza kusema ukweli bila kubanwa, na usalama wake, heshima yake na siri yake vinalindwa. Kwa hiyo hawaangalii tu kama rezo iko. Wanaangalia chumba chenyewe.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi: Kavumu, katika Kivu ya Kusini. Kati ya 2013 na 2016 watoto wadogo wa kike, makumi kadhaa, walichukuliwa usiku nyumbani kwao na kubakwa. Mwezi wa kumi na moja 2017 mahakama ya kijeshi ilisafiri hadi Kavumu penyewe, ikaketi pale watu waliumia. Lakini watoto hawakusimamishwa mbele ya umati. Maneno yao yalikuwa yamerekodiwa kwa video mapema, wakiongea na watu waliofundishwa kazi hiyo, na majaji wakaangalia video zile. Mashahidi wengine walifichwa nyuma ya pazia, sauti zao zikabadilishwa. Tarehe 13 mwezi wa kumi na mbili 2017, Frédéric Batumike, aliyekuwa mbunge wa jimbo, na wenzake kumi walihukumiwa kifungo cha maisha.

Tuangalie vizuri namna walivyofanya Kavumu. Majaji walikuja kwa miguu yao. Video ilitumiwa mahali pamoja tu, pale ilipoweza kumpunguzia mtoto uchungu wa kurudilia maneno yale. Kazi ya majaji kutembea iliendelea palepale.

Maneno ya mama na karatasi ya grefye

Kuna faida nyingine ya kurekodi ambayo wakubwa hawaiongelei sana: luga. Katika tribinali zetu nyingi za Mashariki, mama anaongea Kiswahili, ama Kinande, ama Kihema, ama Mashi. Grefye anaandika Kifaransa. Na sisi wote tunajua namna mama zetu wanavyoongea juu ya mambo ya aibu. Hawataji neno lenyewe. Watasema "walinitesa", "walinifanyia mabaya", "waliniharibisha". Siku ile karatasi inaandikwa, mwandishi mmoja ataandika kwamba alipigwa, mwingine ataandika kwamba alibakwa.

Kiisha miaka miwili, mama anarudi mbele ya tribinali. Avoka wa upande mwingine anafungua dosie: kwa parke ulisema walikupiga, leo unasema walikubaka, tukuamini namna gani? Na mama hajui hata kilichoandikwa pale, juu karatasi ilisomwa kwa luga asiyoielewa. Kama sauti yake ya siku ya kwanza ingekuwa imehifadhiwa, majaji wangesikia wenyewe alichosema na namna alivyokisema.

Na ile dosie yenyewe, ikiwa na kopi katika mashine mbili tatu mahali tofauti, haitaungua pamoja na nyumba. Kodi ya mambo ya numeriki, ile ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, imeshakubali kwamba maandishi ya kielektroniki yanaweza kuwa ushahidi kama karatasi. Mlango wa sheria uko wazi kidogo. Kilichobaki ni vyombo, watu wa kuvisimamia, na nia.

Majirani wamepita njia hiyo

Kenya ilianza kupokea kesi kwa intaneti katika mahakama za Nairobi tarehe 1 mwezi wa saba 2020, wakati wa Covid. Mwezi wa tatu 2024 wakapanua mfumo huo nchi nzima. Faida moja inaeleweka hata kwa mtu asiyesoma sana: karatasi ikishaingia kwenye mashine na saa yake, ni vigumu kuambiwa eti dosie yako haionekani, leta kitu kidogo tuitafute. Mimi mwenyewe nimesimama kwa korido ya tribinali moja, nikaona baba akitumwa kununua rame ya karatasi ili hukumu yake iandikwe. Huyo baba angefurahia mashine.

Tanzania nao wanatumia video kati ya buloko na mahakama, bila kusafirisha mfungwa. Lakini kule ndiko tumeona pia upande mwingine wa kitu hicho. Mwezi wa nne 2025 kiongozi wa upinzani Tundu Lissu alishtakiwa kwa uhaini. Tarehe 24 mwezi ule kesi ikapangwa kusikilizwa kwa video, yeye akiwa gerezani. Alikataa. Alitaka kuletwa mbele ya mahakama, mbele ya watu. Nje ya mahakama ya Kisutu polisi waliwakamata viongozi na wafuasi wa chama chake. Tarehe 19 mwezi wa tano akaletwa yeye mwenyewe.

Hatuko hapa kuhukumu kesi ile. Tunachojifunza ni kwamba chombo kimoja kinaweza kumpunguzia mwathirika safari, na chombo hicho hicho kinaweza kufanya mshtakiwa asionekane na watu. Mwili wa mfungwa unasema mambo mengi: kama amekonda, kama amepigwa, kama anatetemeka. Kwa ekrani ya simu utaona uso tu.

Katiba yetu, kipengele cha 20, inasema odiansi ni za wazi kwa watu wote, isipokuwa ikionekana ni hatari kwa usalama ama kwa tabia njema. Mwaka 2020 Wakongomani wengi waliona maana yake, wakati kesi ya Vital Kamerhe ilifanyika ndani ya buloko ya Makala lakini ikapita moja kwa moja kwa televisheni. Watu walibishana mitaani juu ya kila jibu. Kesi ilikuwa ndani ya ukuta, lakini haikufichwa.

Nani yuko ndani ya chumba?

Turudi kwa mama wetu wa Walikale ama wa Djugu. Tuseme kesho wanamwambia: usisafiri, utaongea kwa video. Ataongea akiwa wapi? Kwa nyumba ya kucharji simu, kijana wa pale akisikiliza? Nyumbani kwa chefu, ambaye labda ni mjomba wa mshtakiwa? Katika eneo lenye watu wa silaha, mmoja ameketi nyuma ya kamera, mahali jaji hawezi kumwona? Na kura ikikatika katikati ya jibu, nani ataandika kwamba hakumaliza kusema?

Ndiyo maana tunaona kwamba mashine si kitu cha kwanza. Cha kwanza ni chumba na mtu: chumba chenye mlango unaofungwa, grefye aliyeapa ameketi kando ya shahidi, na avoka anayeweza kuongea naye bila wengine kusikia. Kiisha hapo ndipo tuongee juu ya pano za jua na rezo.

Kwa hiyo siku mkubwa yeyote atakapokuja kutuonyesha ekrani mpya ndani ya tribinali, tumpigie makofi, halafu tumuulize mambo haya. Shahidi atakuwa wapi, na nani? Mshtakiwa iko na haki ya kusema hapana, ninataka kuletwa? Sisi watu wa mtaa tutafuatilia kesi namna gani, tutaingia ndani ama itapita kwa redio? Maneno ya Kiswahili yatahifadhiwa ama Kifaransa peke yake? Kopi ya dosie italala wapi siku vita vikifika hapa? Na la mwisho: majaji wataendelea kuja vijijini, kama walivyofika Kavumu, ama ekrani ndiyo itakuwa sababu ya kutorudi tena?