Krema Huanzia kwa Buni, Si kwa Mashine

Espreso yako ya nyumbani inatoka bila krema, lile povu la rangi ya dhahabu? Usilaumu mashine kwanza. Soma pakiti: kahawa ilikaangwa lini? Povu hilo hutokana na gesi ya kaboni dayoksaidi inayobaki ndani ya buni baada ya kukaangwa. Kahawa ikikaa miezi, au ukiinunua ikiwa imesagwa, gesi ishatoroka. Tafuta iliyokaangwa wiki moja hadi tatu zilizopita, isage laini papo hapo, gramu 18, itoke kwa sekunde 25 hadi 30. Nyeri na Kirinyaga ziko hapa tu, na bado tunanunua kopo la ng'ambo lililozeeka dukani! Jameni, doo ianze kwa buni freshi ya mkulima wetu. Mashine kubwa itangoja.