Kutupa picha mbovu si kupika picha

Jamani, hili neno la "umepika" limenichosha. Mpiga picha mmoja wa gazetini kwetu, kaka yangu kiumri, kaangalia picha yangu ya wingu la gesi la Orion, kauliza nimepiga ngapi. Nikamwambia 90, za dakika mbili mbili, nikatupa 38. Akacheka: "Kumbe umechagua jibu ulilolitaka!"

Hapana, kaka. Mwanga wa Orion umesafiri miaka kama 1,300, unakuja kuvurugwa kwenye kilomita chache za mwisho, pale hewa ya joto na ya baridi zinapochanganyika na kila kipande kinaupinda mwanga kivyake. Ndiyo maana nyota zinametameta. (Wanaoshangilia nyota zikimetameta sana hawajawahi kuzipiga picha kwa darubini.) Desemba hapa Dar, saa tatu usiku mabati na zege bado vinatema joto la mchana, na Orion haijapanda vizuri, nyota inavimba kama andazi. Ikifika saa sita Orion iko utosini, mapaa yamepoa, nyota ile ile inasinyaa. Sasa nichanganye za saa tatu na za saa sita ndipo niitwe mkweli?

Newton alishalalamikia jambo hili mwaka 1704 katika Opticks, akaona dawa ni hewa tulivu ya vilele vya milima. Mwaka 1978 David Fried akapiga hesabu ya uwezekano wa kubahatisha picha safi hewa ikitulia kidogo. Zake ni picha za kufumba na kufumbua, zangu za dakika mbili hazifiki huko. Lakini hewa hubadilika pia saa hadi saa, na hapo kuchagua kunalipa.

Nachaguaje? Sitazami wingu kabisa. Napima upana wa nyota. Nyota kwa umbali ule ilipaswa kuwa nukta tu, kwa hiyo unene wake unanieleza habari za hewa na vioo vyangu, hauniambii lolote kuhusu wingu. Kipimo nakipanga kabla. Na zile mbovu sizitupi zote bure: baadhi huzitumia kwa rangi, maana jicho linasoma undani kwenye mwanga na giza kuliko kwenye rangi.

Mnataka kuona upishi? Tazameni hizi programu za akili mnemba za kunoa picha. Zimefundishwa kwa picha za watu wengine, na usiku hewa ikichafuka zinaweza kukuchorea nyuzi za gesi ambazo darubini yako haikuzipata. Hapo watu wanapiga makofi! Anayezitumia aandike hivyo chini ya picha, kama sisi wa magazeti tunavyoandika "Picha ya Maktaba".