Msiseme ni Uzee

Kuna neno moja linalotumaliza, nalo ni neno "uzee". Mzee akiuliza swali lile lile mara nne katika saa moja, tunasema ni uzee. Akitoka kwenda kusali akaja kukutwa ng'ambo ya Barabara ya Morogoro, hajui njia ya kurudi kwake, tunasema ni uzee. Lakini bibi akianza kumtukana mkwewe aliyempenda miaka yote, hapo hubadili neno: tunasema amerogwa, au, vibaya zaidi, yeye mwenyewe ndiye mchawi. Na katika nchi hii wako vikongwe waliouawa kwa neno hilo.

Mimi nasema hapana. Kuzeeka ni kuota mvi na kutembea polepole. Ni kusahau jina la mtu asubuhi na kulikumbuka jioni. Kupotea katika mtaa uliouishi miaka 30 si uzee, ni maradhi. Wataalamu huyaita demensia, nayo huushika ubongo kama kifua kikuu kinavyoyashika mapafu.

Watatokea wa kudai kuwa hayo ni maradhi ya Wazungu. Na watazame wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Uchunguzi uliofanywa huko mwaka 2009 na 2010 ulikuta kwamba, kati ya kila watu 100 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, 6 hivi walikuwa na demensia. Hao ni watu wa migomba na kahawa.

Sasa tuje mjini. Kati ya mwaka 2003 na 2006 wataalamu walihesabu wagonjwa wapya wa kiharusi Hai na Dar es Salaam. Hai walipata kama 109 kwa mwaka katika kila watu 100,000. Dar es Salaam 316. Ni karibu mara tatu, na hesabu hiyo imekwisha kusawazisha tofauti za umri. Kiharusi na demensia ni ndugu wa damu: mshipa ukiziba au ukipasuka, sehemu ya ubongo hufa, na akili huondoka kidogo kidogo. Je, damu ya Mtanzania ilibadilika aliposhuka basi pale Ubungo? Haikubadilika. Kilichobadilika ni maisha.

Maisha yenyewe tunayajua. Mtu wa Kimara au Manzese huamka alfajiri, akakaa garini, akakaa kazini, akakaa tena garini, na usiku akala chipsi zilizonyunyiziwa chumvi mara mbili. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa mlo wa siku nzima. Njiani huvuta moshi wa malori, na akichoka foleni hupanda bodaboda kichwa wazi. Presha hapimi, kwa sababu haimuumi. Naam, presha haiumi. Ndiyo maana inaua. Ile unayoiachia ukiwa na miaka 45 ndiyo itakayokusahaulisha majina ya wanao ukiwa na miaka 75.

Mwaka 2024 jopo la wataalamu lililoitishwa na jarida la tiba la Lancet lilitaja mambo 14 yanayochangia demensia, yakiwemo presha, kisukari, sigara, pombe nyingi, kutofanya mazoezi, majeraha ya kichwa, hewa chafu, uziwi usiotibiwa na upweke. Likasema karibu nusu ya demensia yote ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Nusu, ndugu msomaji! Basi ni nani anayethubutu kusema "ni mipango ya Mungu" kabla hajaitafuta nusu hiyo?

Lakini siwaungi mkono wale wanaompa raia mzigo wote, eti kila mtu ajichunge. Mama muuza mihogo kando ya barabara hawezi kuchagua hewa. Moshi ni jambo la serikali na sheria, na sheria huweza. Petroli yenye risasi, sumu inayodumaza akili za watoto, iliondolewa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Haikuondolewa kwa kila dereva kujichunga. Iliondolewa kwa amri. Kwa nini amri kama hiyo isiyafikie malori yanayotoa moshi mweusi mchana kweupe?

Vilevile, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 huanza kumhesabu mtu kuwa mzee akiwa na miaka 60. Ni jambo jema, ila kwa ubongo umri huo ni wa kuchelewa. Kipimo cha presha ni dakika chache tu. Kingefaa kiwafuate watu wa miaka 40 vituo vya daladala, sokoni, misikitini na makanisani, na dawa ziwepo kila mwezi, maana dawa ya presha ikikatika, ubongo haungoji.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ila ukuta wa nyumba hujengwa upya. Ubongo uliokufa haujengeki. Basi anayesahau njia ya nyumbani kwake apelekwe hospitali, na atakayesema ni uzee aulizwe: umempima?