Usinunue Kibandiko cha Core i7, Nunua Skrini

Leo tuweke kando mambo ya kuandika programu. Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani Tseikuru, kule kaskazini mwa Kitui, nikamkuta binamu yangu ameketi mbele ya kibanda chake cha picha hana raha. Yeye hupiga picha za harusi, za pasipoti na za wanafunzi. Siku hiyo alikuwa amepokea bahasha ya picha za wanafunzi alizopeleka Mwingi kuchapishwa, na kila uso ulikuwa umezama gizani, hujui nani ni nani. Wazazi wakakataa kulipa.

"Kaka, printa yao imeharibika," akaniambia.

Printa haikuwa na hatia. Niliomba laptopu yake. Aliinunua Nairobi ikiwa imetumika, na muuzaji alimsifia kitu kimoja tu: Core i7. Skrini ilikuwa ya TN, ile ambayo ukiinamisha kichwa kidogo na rangi nazo zinabadilika. Mchana mlango wa kibanda huwa wazi, na jua la kwetu si la mchezo, kwa hiyo alikuwa amepandisha mwangaza wa skrini hadi mwisho. Usiku alihariri kwa mwangaza ule ule ndani ya chumba chenye giza. Kila picha ikamng'aria kupita kiasi, naye akaipunguza. Karatasi haina taa nyuma yake, jamani! Ilichapisha alichoagiza. Na ngozi zetu nyeusi ndizo huumia kwanza, kwa sababu sura yote imekaa karibu na vivuli. Ukipunguza kidogo tu, imepotea.

Sasa maoni yangu, na wapenzi wa prosesa wanirushie mawe wakitaka: anayehariri picha, pesa yake ya kwanza iende kwenye skrini. Tafuta ya IPS inayoonyesha karibu rangi zote za sRGB, mpangilio uliobuniwa na HP na Microsoft mwaka 1996 na ambao hadi leo ndio wengi wanaochapisha picha hutarajia.

Neno IPS peke yake lisikudanganye. ThinkPad T480 ya mwaka 2018 ni mashine ninayoipenda: ina nafasi mbili za RAM na Windows 11 inaikubali. Lakini nyingi zilitoka na skrini ya IPS yenye rangi hafifu. Mimi ningeichukua hivyo hivyo, kisha niiunganishe na skrini ya pembeni iliyotumika ofisini, kama Dell UltraSharp U2412M iliyotoka mwaka 2011. Ni nzee, ndiyo, lakini rangi zake zinaaminika. Haina tundu la HDMI, kwa hiyo beba waya wa HDMI kwenda DVI usije ukarudi Nairobi kwa ajili ya waya.

Baada ya skrini, RAM GB 16 na diski ya SSD. Faili moja la RAW kutoka kamera ya megapikseli 24 hufika MB 25 hivi. Harusi ya picha 800 ni GB 20 tayari. MacBook Air M1 ya 2020 ina skrini nzuri sana, ila RAM yake haiongezeki, ukinunua ya GB 8 umefunga ndoa nayo. Kadi kubwa ya michoro? Kwa kurekebisha mwanga, rangi na kukata picha, iache dukani. GIMP na darktable hazilipiwi, na zitafanya kazi bila hiyo.

Kwa binamu tulishusha mwangaza, tukageuza meza isitazame mlango, kisha tukapeleka Mwingi picha tatu za majaribio kabla ya kuchapisha nyingine. Safari hii hata kovu la kidevuni la mtoto wa jirani lilionekana. Gharama ya kurudia zote aliibeba mwenyewe. Skrini bado hajanunua. Anasema tungoje harusi za Aprili.