Rangi Nyekundu ya Maabara Isidharauliwe

Wapo wanaodhani kwamba, kwa kuwa mashine mpya za kupima kifua kikuu zimekwisha kufika katika hospitali zetu, ile rangi nyekundu ya maabara haina kazi tena. Sisi hatukubaliani nao.

Rangi hiyo, fuksini, ilitengenezwa Ufaransa mwaka 1859 kwa ajili ya kutia nguo. Baada ya Robert Koch kutangaza mwaka 1882 kwamba amekigundua kijidudu cha kifua kikuu, Wajerumani wenzake, Ziehl na Neelsen, walituachia njia ya kukitambua. Makohozi hupakwa juu ya kioo, hutiwa rangi na kupashwa moto, kisha husafishwa kwa asidi na spiriti. Vijidudu vingi huiachia rangi. Hiki chenye ganda la nta hakiiachii. Hata kipande cha nyama ya tezi huweza kupimwa hivyo.

Ni kwa kipimo hicho Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma, ulioanzishwa mwaka 1977 kwa msaada wa Dakta Karel Styblo, ulipata sifa duniani.

Tunakiri kwamba vijidudu vikiwa vichache darubini haivioni. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani liliidhinisha mashine za vinasaba mwaka 2010. Lakini mashine hizo huweza kuonyesha hata mabaki ya vijidudu vilivyokwisha kufa. Kwa hiyo, maendeleo ya mgonjwa aliyekwisha kunywa dawa miezi miwili yangali yakifuatiliwa kwa rangi na darubini.

Jambo hili si la Temeke na Kinondoni peke yake. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba huvuka kila siku kuja kwa jamaa zao Mbagala na Tandale, na kikohozi hakikati tiketi. Mgonjwa aanzaye dawa Tandale akarejea Wete kabla ya miezi sita hana budi kukuta huko kipimo kilekile, na kadi yake isomwe.

Twawaomba wakuu wanaohusika, bara na visiwani, waagize fuksini, spiriti na vioo kabla havijakwisha. Nao wananchi, kikohozi kikifika wiki mbili, waende zahanati. Kipimo na dawa ni bure katika vituo vya serikali.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Maabara isiyo na rangi nayo huyaficha.